Yego na video za mkuki: macho yanafundisha kiasi gani, na mwili unajifunza wapi?

Kocha wa Kata (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Kila msimu wa UMISSETA (michezo ya shule za sekondari Tanzania) unapokaribia napokea ombi lilelile, kutoka kwa wanafunzi na hata kwa walimu wenzangu wa michezo: "Mwalimu, tutumie video za mkuki tujifunze." Nikiuliza kwa nini video, natajiwa jina moja tu: Julius Yego, Mkenya wa Nandi aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama YouTube akawa bingwa wa dunia. Habari hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba inasimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayomhusu kijana anayetaka kujifunza. Nimeona niifungulie uzi tuijadili vizuri.

Kwanza yaliyo kwenye kumbukumbu. Yego alizaliwa 1989. Kenya ni nchi ya mbio, na huko kijana wa mkuki hapati kirahisi mtu wa kumwonyesha. Akageukia video za Jan Železný wa Jamhuri ya Czech, ambaye rekodi yake ya dunia ya mita 98.48 aliyoiweka 1996 bado imesimama, na za Andreas Thorkildsen wa Norway, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki 2004 na 2008. Mwaka 2011 akashinda Michezo ya Afrika kule Maputo. London 2012 akaingia fainali. Moscow 2013 akawa wa nne duniani. Glasgow 2014 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola. Agosti 2015, Beijing, mrusho wake wa tatu ukaenda mita 92.72: dhahabu, rekodi ya Afrika, na ubingwa wa kwanza wa dunia kwa Mkenya katika mchezo wa uwanjani usio wa mbio. Rio 2016 akarudi na medali ya fedha kwa mita 88.24.

Sasa yanayoachwa.

Kwanza, alikuwa anarusha. Hakuna siku alizokaa kutazama tu mpaka akahitimu. Alitazama akaenda uwanjani, akarudi kutazama akiwa na jambo lililomshinda. Pili, kabla ya London alipata nafasi ya kwenda Kuortane, Ufini, akafanya mazoezi chini ya kocha Petteri Piironen. Ufini mkuki ni mchezo wa taifa zima. Kwa hiyo hata huyu tunayemtolea mfano alifika mahali akahitaji mtu wa kusimama pembeni na kumtazama yeye. Video inakuonyesha Železný. Wewe haikuoni.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la kutazama, maana ndipo vijana wanapotea. Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili video ya Železný, airudie anavyotaka, kisha mwulize ameona nini. Atakwambia mkono. Mkono ndio unaokwenda kasi, ndio ulioshika mkuki, macho yanaufuata wenyewe. Kumbe mkono unapokuja mbele kazi kubwa imeshafanyika. Kwa mrushaji wa kulia, mguu wa kushoto unatua mbele na goti linakataa kukunjika. Mbio zote alizokuja nazo zinazuiwa pale chini, ghafla. Nyonga inageuka, kiwiliwili kinafuata, kisha bega, kiwiko, na mwisho kabisa mkono. Nguvu inapanda kutoka ardhini. Lakini lile goti lililokaza ukilitazama kwenye video unaona mguu umesimama tu, hakuna kinachokuvutia hapo.

Matokeo yake, mtoto aliyetazama sana bila kurusha akija uwanjani anarusha kwa bega. Mkuki unatoka ncha ikiwa juu mno, unapepea, unaanguka bapa, na kanuni inataka ncha itangulie kugusa ardhi. Akiendelea hivyo, kiwiko kikishuka chini ya bega kila anaporusha, kano za upande wa ndani wa kiwiko zinaanza kuuma. Nimeshawapumzisha vijana wenye vipaji kwa sababu hiyo, na inaniuma.

Mtoto huyohuyo mfundishe kurusha akiwa amesimama, kisha kwa hatua tatu, ahisi mwenyewe namna mkuki unavyokufa goti la mbele likilegea. Halafu mrudishe kwenye video ileile. Hutamwambia atazame wapi. Anatazama mguu.

Kuna utafiti wa Michael Kardas na Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliochapishwa 2018, ambao natamani kila mwalimu wa michezo aujue. Waliwaonyesha watu video fupi za ujuzi mbalimbali: kuvuta kitambaa cha meza vyombo vikabaki palepale, kurusha vishale kwenye ubao, ile densi ya kuteleza kinyumenyume. Wengine walitazama mara moja, wengine mara ishirini. Waliotazama mara ishirini walikuwa na uhakika zaidi kwamba wataweza. Walipojaribu, hawakuwazidi wenzao. Kilichopanda ni kujiamini, ujuzi ulibaki palepale. Na wale waliotazama video ya kurusha na kudaka hewani pini za mchezo wa boling kisha wakapewa pini hizo wazishike tu mikononi kidogo, kule kujiamini kulishuka. Kushika tu kulitosha kuwaonyesha kwamba kuna jambo macho hayakuona.

Msimamo wangu ni huu: video ina kazi, na kazi yake inaanza mwili ukishakuwa na swali. Ninyi mafundi, madereva, wasusi, wachezaji ngoma, kwenu ikoje?

---

Chepterwai

Mwalimu, mimi ni wa huku kwao Yego, na niongeze jambo ambalo waandishi wa magazeti hawaoni uzito wake. Mtoto wa kijijini huku anachunga ng'ombe. Anarusha fimbo, anarusha mawe, wanashindana nani atafika mti ule. Anafanya hivyo miaka kabla hajauona mkuki wa chuma. Kwa hiyo alipoifungua ile video, mkono wake ulikuwa unajua kurusha. Kilichokuwa hakipo ni mpangilio wa miguu na mshiko, na hayo ndiyo aliyokwenda kuyatafuta. Mtoto wa mjini ambaye hajawahi kurusha hata jiwe akitazama video hiyohiyo haoni kitu kilekile.

---

Kocha wa Kata

Chepterwai, hapo umeniongezea. Wazungumzaji wengi wanaanza hesabu siku alipofungua kompyuta. Hesabu ilianza malishoni.

---

Fundi Suti

Mada nzuri sana hii, na imenigusa kazini.

Mimi ni fundi cherehani, nimefundisha vijana wengi. Mzazi akileta mtoto kwangu anataka kesho yake amkute amekaa kwenye cherehani. Akimkuta anapiga pasi anasema namtumikisha. Nawaomba wazazi mnielewe. Dogo anaanza na pasi, anaanza na kukata nyuzi zilizobaki, anatia vifungo, anakunja pindo. Anapopiga pasi shati anajua kola inakaaje ikiwa imeshonwa sawa, maana iliyopinda haikubali pasi. Vidole vinajua kabla hajaambiwa. Na muda wote huo yuko mita moja na mimi nikikata. Simwambii "tazama". Anatazama mwenyewe.

Akikaa kwenye cherehani simpi kitambaa. Cherehani ya kukanyaga ina adabu yake: mguu ukisita gurudumu linarudi kinyume, uzi unakatika. Kwa hiyo natoa uzi kabisa, nampa karatasi ya daftari yenye mistari, afuate mstari kwa sindano tupu. Mistari iliyonyooka, halafu nachora ya kupinda, halafu kona. Karatasi inaonyesha matundu, hakuna kubishana kama amepinda au hakupinda. Miguu ikishatulia ndipo napitisha uzi.

Kukata ni mwisho. Mshono ukiharibika unafumua. Kitambaa cha mteja ukishakikata vibaya kimekwenda.

Sasa vijana wa siku hizi wanakuja na simu. Wananionyesha fundi wa Nigeria anakata suruali dakika tatu. Nawaambia mtazameni, huyo ni fundi kweli, anajua. Lakini muulizeni anavyojua kitambaa kinavuta upande gani. Hamtaona kwenye simu, kwa sababu anajua kwa vidole.

---

Msomi wa Karakana

Fundi Suti, ulichokieleza kimeandikwa na watafiti wakubwa, na nadhani utafurahi kujua kwamba mafundi waliowafundisha wanazuoni hao walikuwa Waafrika kama wewe.

Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Mmarekani Jean Lave alikwenda Liberia akakaa na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia. Alikuta wanagenzi wanajifunza kinyume na mpangilio wa kushona nguo. Nguo inaanza kwa kukatwa, inashonwa, inamaliziwa kwa vifungo, pindo na pasi. Mwanagenzi yeye anaanza na vifungo, pindo na pasi, anakwenda kwenye kushona, anamalizia na kukata. Walianza na kofia na nguo za ndani za watoto, suti ikaja mwisho. Lave akaona kuna hekima hapo: anayeanza na kumalizia anaiona nguo nzima kwanza, anajua vipande vinaelekea kuwa nini, na kosa lake ni la bei ndogo. Hakukuta fundi akitoa mihadhara. Wanagenzi walitazama kwa muda, wakapata picha ya jumla, wakajaribu kipande, wakatazama tena wakiwa wameshajaribu.

Kutokana na kazi hiyo na nyingine, yeye na Etienne Wenger waliandika 1991 juu ya namna mgeni anavyoingia kwenye kazi kutokea pembeni mpaka katikati. Vyuo vya ualimu duniani vinaifundisha nadharia hiyo leo.

Na hili nawaombea wale vijana wa Fundi Suti: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, mtu anapimwa kwa anachoweza kufanya na kupewa cheti. Mwanagenzi wako akiiva mpeleke. Ujuzi wake ni wa kweli na una haki ya kutambuliwa.

---

Rangi Mbili

Mimi napinga kidogo.

Niko gereji, napiga rangi magari. Fundi aliyekuwa juu yangu alikuwa anafanya kazi ya mwisho mwenyewe, tena saa ambazo ametutuma nje. Hakutaka tumwone anavyochanganya. Mimi video imenipa alichonyimwa mwanagenzi. Nairudisha nyuma, nasimamisha, natazama mkono unaondokaje mwisho wa kila mpigo wa rangi, naangalia bastola ya kupulizia iko umbali gani na bodi. Video haichoki, haikutukani, haifichi. Msiibeze.

---

Kocha wa Kata

Rangi Mbili, sikuipuuza hata kidogo na nashukuru umesema hilo la kufichwa, maana ni dhuluma ambayo wanagenzi wengi wanaimeza kimya. Lakini niambie: kabla ya kufungua hizo video ulikuwa unafanya nini pale gereji?

---

Rangi Mbili

Msasa na puti, mkuu. Msasa, puti, msasa, kisha kupiga rangi ya msingi. Na vipande vya bodi chakavu nilikuwa napigia rangi jioni nikiwa peke yangu.

---

Kocha wa Kata

Basi ulikuwa na swali mkononi kabla ya kuwa na video. Ulipoona mkono wa yule mtu unaondoka mapema ulijua ulikuwa unaacha matone wapi. Ambaye hajawahi kuona rangi ikitiririka kwenye mlango asingeiona ile sekunde.

---

Mwana wa Micheweni

Asalaam alaykum. Mimi niwaletee ya kwetu Pemba, kusuka ukili, ule utepe wa miyaa (majani ya mkindu) wa kushonea mikeka.

Bibi yangu hakuwahi kunikalisha mbele yake nimtazame. Alinikalisha ubavuni, mguu kwa mguu, kitako kimoja kwenye jamvi moja. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mapenzi tu. Nilipoanza kufundisha wasichana wa jirani nikawakalisha mbele yangu kama wanavyokaa skuli, na kila mwaa uliokwenda kulia kwangu kwao ulikwenda kushoto. Wanageuza kichwani kwanza ndipo vidole vifuate, na wakishageuza wameshasahau hatua. Niliwahamishia ubavuni, siku hiyohiyo vidole vikashika. Na nyie mnaotazama video tafuteni ile iliyochukuliwa kutokea begani kwa mtendaji, ionyeshe mikono kama mnavyoona yenu.

La pili. Kuanzia ukili ni kugumu kuliko kuendeleza. Bibi alituanzia yeye, akaiweka miyaa imeshakaa sawa, sisi tukaendeleza tu: huu juu, huu chini, mwaa wa zamani ukifika ncha unaongeza mpya. Mpaka vidole vikawa vinakwenda huku tunapiga soga. Ndipo akatufundisha kuanzia. Nimesoma habari ya mafundi wa Liberia hapo juu nikaona ni jambo moja. Kumbe kilicho mwanzo wa kazi ndicho mwisho wa mafunzo.

La tatu, nalo ni swali. Mimi nilijifunza zaidi kwa kumtazama dada yangu kuliko bibi. Dada naye alikuwa anajifunza, anakosea, anafumua. Bibi mkono wake ulikuwa mwepesi mno, nilikuwa naona ukili unatoka tu. Kwa nini yule asiyejua sana alinifaa zaidi?

---

Kocha wa Kata

Mwana wa Micheweni, wa alaykum salaam. Swali lako lina majibu mazuri kabisa.

Mwaka 2005 Andrew Mattar na Paul Gribble wa Canada walichapisha jaribio lifuatalo. Kuna mashine ya mkono: ukishika mpini wake na kutaka kwenda mbele, yenyewe inakusukuma pembeni, na inabidi mwili ujifunze kuupinga ule msukumo. Kabla ya kuishika, kuna watu walionyeshwa video ya mtu mwingine anayejifunza mashine hiyo. Anapinda, anajirekebisha, anapinda kidogo, ananyooka. Walipoishika wao waliwashinda ambao hawakuona video. Waliotazama mtu akijifunza msukumo wa upande wa kinyume walifanya vibaya kuliko ambao hawakutazama chochote, maana yake mwili ulikuwa umebeba kitu kutoka kwenye kutazama, ila hakikuwa kile kilichohitajika.

Linanivutia zaidi hili: waliopewa hesabu za kichwani wakati wanatazama waliendelea kufaidika. Waliopewa kuchezesha mkono wao kwa namna nyingine wakati wanatazama ndio waliovurugika. Yaani mtazamaji anatumia vyombo vilevile vya kutendea. Anatenda kimyakimya.

Ukimtazama dada yako unaona kosa na unaona linavyotengenezwa. Kwa bibi kosa halipo, kwa hiyo huoni linaepukwa wapi. Mimi nina desturi uwanjani: mmoja anarusha, mwenzake anasimama kwa pembeni kumtazama goti, kisha wanabadilishana. Anayetazama mwenzake akikosea anarekebika naye. Bingwa bado anahitajika, mtu ajue kazi nzuri inafananaje, lakini dada asiachwe.

---

Mtaalamu wa Mazoezi Tiba

Nafuatilia uzi huu kwa furaha, naomba nichangie kutoka upande wa wagonjwa.

Ninafanya kazi na watu waliopata kiharusi. Mtu wa miaka hamsini anajifunza upya kuinua kikombe. Njia mojawapo tunayotumia ni kumwonyesha tendo dogo, mkono unafika, vidole vinafunguka, vinashika, kisha yeye analifanya mara nyingi, kisha anaonyeshwa tena. Kutazama peke yake hakumrudishii mkono, ila kukitangulia na kuchanganyika na kutenda kunaonekana kumsaidia. Ndugu wa mgonjwa wanamhurumia, wanamlisha wenyewe. Nawaelewa kabisa, lakini kila tonge mnalomlisha ni zoezi mlilomnyang'anya.

Kuna mgonjwa mmoja maarufu katika historia ya fani yetu, Henry Molaison wa Marekani, aliyejulikana kwa herufi H.M. mpaka alipofariki 2008. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa ubongo kutibu kifafa, na baada ya hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya. Brenda Milner, mtafiti wa Montreal, alimpa kazi ya kuchora nyota huku akiona mkono wake kwa kioo tu. Jaribuni nyumbani, ni kazi ngumu, mkono unakwenda kinyume. Molaison aliifanya kwa siku tatu na kila siku alikuwa bora kuliko jana yake. Lakini kila siku aliposhika kalamu alikuwa hakumbuki kwamba amewahi kuifanya kazi hiyo. Mkono ulihifadhi kilichomponyoka yeye mwenyewe. Tangu hapo tunajua ubongo una mahali tofauti pa kuhifadhi matukio na pa kuhifadhi utendaji.

Kwa hiyo walimu, mwanafunzi akishindwa kukueleza kwa maneno anavyofanya, usimhukumu kwamba hajui. Na akikueleza vizuri sana, usidhani anaweza.

Jambo la mwisho, kuhusu kurekebisha. Carolee Winstein na Richard Schmidt mwaka 1990 waliwapa watu zoezi la mkono. Kundi moja liliambiwa matokeo kila baada ya jaribio, jingine nusu ya majaribio tu. Wakati wa mazoezi hawakutofautiana sana. Walipopimwa baadaye bila kuambiwa matokeo, walioambiwa nusu ndio waliokuwa wameshika zaidi. Mwalimu anayesema kila sekunde anamzuia mwanafunzi kusikiliza mwili wake.

---

Kocha wa Kata

Daktari, asante sana. Hilo la mwisho naliweka wazi kwa makocha wenzangu, kwa sababu sisi tunapiga kelele mno. Mtoto ameachia mkuki, haujatua, kocha ameshasema mambo matatu. Mimi sasa nasubiri. Mkuki unatua, nanyamaza, namwuliza, "Umehisi nini?" Mara nyingi anataja kosa lilelile ambalo ningelisema. Akilitaja yeye linabaki.

Na tusirudie rushio moja kwa namna moja tu. Robert Kerr na Bernard Booth mwaka 1978 waliwapa watoto wa miaka 8 vifuko vidogo wavirushe kwenye shabaha. Wengine walifanya mazoezi ya umbali mmoja tu. Wengine walirusha umbali wa karibu zaidi na wa mbali zaidi, na ule wa katikati hawakuugusa. Mtihani ulipofika ukawa wa ule wa katikati, na waliokuwa hawajaugusa wakawazidi waliouzoea. Kwa hiyo kwangu mtoto anarusha mpira mdogo, anarusha mpira mzito kidogo, anarusha mwanzi, anarusha kwa kusimama, kwa hatua tatu, kwa hatua tano. Shule ambayo haina mkuki wa gramu 800 isikate tamaa. Mwanzi ulionyooka unafundisha mengi.

Simu nayo ninaitumia, tena sana. Namrekodi mwanafunzi kwa pembeni, usawa wa nyonga, tunaangalia mrusho mmoja au miwili pamoja, tunaangalia kitu kimoja tu, anarudi kurusha.

---

Mama wa Nyakato

Samahani ndugu zangu kama nawatoa nje ya mkuki. Niko Mwanza, karibu na ziwa. Mwanangu ana miaka kumi, anapenda video za kuogelea, anazitazama kutwa. Sasa anasema anajua kuogelea, anaonyesha mikono sebuleni, na kweli mikono inapendeza. Anataka kwenda ziwani na wenzake Jumamosi. Nilikuwa nakaribia kumruhusu ndipo nikasoma uzi huu, ile habari ya waliotazama mara ishirini. Nifanyeje?

---

Kocha wa Kata

Mama, usimruhusu aende na wenzake. Nasema kwa uzito wote. Kwenye mkuki anayejiamini bila ujuzi anarusha vibaya. Ziwani anazama, na watoto wenzake wakijaribu kumwokoa wanazama naye. Nawaachia nafasi wanaofundisha kuogelea waeleze vizuri.

---

Maji Marefu

Nafundisha watoto kuogelea, nimeona niache kazi nikujibu.

Mama, mikono ya sebuleni haimsaidii kwa sababu mtoto hazami kwa kukosa mikono. Anazama kwa sababu maji yakimgusa uso anashika pumzi, anakaza mwili mzima, anainua kichwa, miguu inashuka. Hakuna video inayoonyesha pumzi. Hilo linajifunzwa ndani ya maji tu.

Tafuta mwalimu na bwawa la kina kifupi, maji yasimzidi kifua. Mtu mzima anayejua kuogelea awe ndani ya maji pamoja naye, umbali wa kumfikia kwa mkono, asikae pembeni na simu. Siku za mwanzo hakuna mikono kabisa. Aingize uso, apulize mapovu kwa pua na mdomo, atoke avute hewa, arudie mpaka asikunje uso. Kisha kuelea chali, mkono wako chini ya mgongo wake, masikio ndani ya maji, tumbo juu. Mkono wako unauondoa kidogokidogo bila kumdanganya. Kisha kuelea kifudifudi, kisha kusimama kutoka kwenye kuelea, na hili wengi wanalisahau: kukunja magoti, kushusha miguu, kuinua kichwa mwisho. Mtoto anayejua kusimama haogopi kuelea. Baada ya hapo kupiga miguu akishika ukingo. Mikono inakuja baadaye, na hapo zile video zake zitafaa, kwa sababu atakuwa anajua kichwa kinakaa wapi.

Na hata akishaweza bwawani, ziwa ni jambo jingine. Huoni chini, kuna mawimbi, kina kinabadilika ghafla. Ziwani asiende bila mtu mzima anayejua maji.

---

Mama wa Nyakato

Nimekuelewa, Mungu akubariki. Video nizifute?

---

Maji Marefu

Usizifute. Mwache azitazame, ila jioni ya siku aliyotoka bwawani. Mwulize yule mwogeleaji anavuta hewa mkono upi ukiwa mbele. Akikosa jibu, siku inayofuata nitamwambia alitafute ndani ya maji.